Shahidi ambaye Othello hakumwita

Mwaka 2025 Othello, shujaa wa tamthilia ya Shakespeare, alirudi jukwaani kwa kishindo. Kule New York, Denzel Washington aliigiza jemadari huyo mweusi wa Venice, Jake Gyllenhaal akawa Iago, na viti vizuri katika ukumbi wa Ethel Barrymore vikauzwa hadi dola 921 kimoja. Miezi michache baadaye London ikampokea David Harewood, ambaye mwaka 1997 alikuwa mwigizaji mweusi wa kwanza kupewa nafasi hiyo National Theatre, safari hii akiwa na Toby Jones pale Theatre Royal Haymarket. Watu walizungumza sana juu ya bei na juu ya majina makubwa. Lakini ilipofika zamu ya kueleza tamthilia yenyewe inahusu nini, jibu lilikuwa mara nyingi lile lile tulilolishwa tangu shuleni: wivu. Mume mwenye wivu, rafiki mfitini, mke asiye na hatia, leso iliyopotea. Naona jibu hilo limekosea, na kosa lenyewe si dogo. Onyesho la mwisho la Othello linahusu ushahidi kabla ya kuhusu wivu: ni nani anaitwa kusema, nani anaaminiwa akisema, na nani anauawa kabla ya mtu wa kumtetea kuitwa. Wivu upo, hakuna anayeukana. Ila tunapoufanya kuwa maelezo ya kila kitu, tunampa muuaji utetezi ambao tamthilia yenyewe inamnyima.

Tukumbushane kisa. Othello ni Mmoor, jina ambalo Wazungu wa zama hizo waliwaita Waislamu wa Afrika Kaskazini na mara nyingi watu weusi kwa jumla. Yeye ni Mkristo, askari aliyeajiriwa na dola ya Venice, na amemwoa kwa siri Desdemona, binti wa seneta Brabantio. Luteni wake ni Cassio. Mshika bendera wake ni Iago, aliyekitaka cheo cha luteni akakikosa. Waturuki wanatishia kuishambulia Kupro, kisiwa ambacho katika historia Venice ilikuja kukipoteza kwa Waothmani mwaka 1571, na wote wanahamia huko. Huko Iago anamnong'oneza mkubwa wake kwamba Desdemona na Cassio wanatembea. Leso ya Desdemona, zawadi ya kwanza kutoka kwa mumewe, inaokotwa na Emilia, ambaye ni mke wa Iago na mhudumu wa Desdemona. Iago anaichukua na kuiangusha chumbani kwa Cassio. Usiku wa mwisho Othello anamziba mkewe pumzi kitandani. Emilia anafichua uongo wote, Iago anamchoma mkewe kisu, Othello anajiua, na Iago anaapa kutosema neno tena maisha yake yote.

Kisa hiki Shakespeare hakukibuni. Alikitoa kwa Mwitaliano Cinthio, aliyekichapisha mwaka 1565, na tamthilia yake ikachezwa mbele ya Mfalme James I pale Whitehall tarehe 1 Novemba 1604. Kwa Cinthio, mshika bendera anampiga Disdemona, ndivyo anavyomwita, kwa soksi iliyojazwa mchanga huku mumewe akiwa hapo hapo chumbani, kisha wanaiangusha dari ili ionekane ni ajali. Na mke wa huyo mshika bendera alijua mpango mzima tangu mwanzo, akanyamaza kwa kumwogopa mumewe, akaja kusimulia baada ya mume kufa. Shakespeare alipanga upya mambo mawili hapo. Aliondoa soksi na dari, akamwacha Othello peke yake na mshumaa na kitanda, asiwe na msaidizi wa kushirikiana naye lawama. Na yule mke aliyenyamaza akamfanya asijue mpango, halafu, alipojua, akampa kinywa. Mtu anayebadilisha kisa hivyo ana jambo analolitafuta, na wivu haukuhitaji mabadiliko hayo. Wivu ulikuwamo kwa Cinthio tayari.

Rudi sasa kwenye usiku wa kwanza, kule Venice. Brabantio anamshitaki Othello mbele ya baraza la dola kwamba amemroga binti yake kwa dawa na uchawi. Mlalamikaji ni seneta, mshitakiwa ni mgeni mweusi, na shitaka ni la aina ambayo watu huliamini kabla ya kulisikiliza. Othello anaomba jambo moja: mwiteni mwanamke mwenyewe aseme juu yangu mbele ya baba yake, na mkiniona mbaya kwa maneno yake, chukueni cheo changu na roho yangu pia. Desdemona anaitwa, anasimama mbele ya wazee wale wote, anasema alivyompenda mtu huyu, na kesi inakwisha. Kilichomwokoa Othello usiku ule hakikuwa ushujaa wake wala hadithi zake tamu za vita. Ni utaratibu ambao hata baraza la kijiji linaujua, kwamba mwenye habari aitwe aulizwe.

Usiku wa mwisho mambo ni yale yale, ila sasa Othello ndiye hakimu na Desdemona ndiye mshitakiwa. Anaambiwa leso yake imeonekana mkononi mwa Cassio. Anajibu: basi aliiokota, mimi sikumpa, tuma mtu amwite aseme ukweli. Ombi ni lile lile alilolitoa Othello Venice, karibu kwa maneno yale yale. Othello anasema Cassio amekwisha kukiri. Hatasema hivyo, anajibu mke. Hapana, anasema mume, kinywa chake kimefungwa, Iago mwaminifu ameshashughulikia. Lakini Cassio hajafa. Kabla onyesho halijakwisha ataletwa ndani juu ya kiti, mguu umejeruhiwa, na atajisafisha kwa sentensi moja kwamba hakumpa jemadari sababu yoyote. Desdemona anaomba auawe kesho. Anaomba nusu saa. Anaomba muda wa sala moja. Anajibiwa kwamba wakati umepita.

Niliwahi kumsimulia shangazi yangu onyesho hili barazani kwake, yeye akichambua mchele. Nilidhani ataishikilia leso. Aliweka ungo mapajani akaniuliza: "Na huyo mwanamume aliyesingiziwa naye, hakuitwa akaulizwa?" Nikamwambia hakuitwa. "Basi huyo mume hakutaka kujua, baba. Alitaka kumaliza." Nimesoma wahakiki wengi wa tamthilia hii tangu siku ile, na wengi wao hawajafika alipofika shangazi kwa swali lile moja.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni Iago mwenyewe. Watasema: mtu aliyedanganywa kwa ustadi ule utamlaumuje? Mshairi na mhakiki Mwingereza Coleridge, zaidi ya miaka 200 iliyopita, aliona kwa Iago ubaya unaozunguka ukijitafutia sababu huku wenyewe hauna sababu. Na kweli si Othello pekee aliyenaswa. Cassio anamwendea Iago kwa ushauri. Roderigo, bwana wa Venice anayemtamani Desdemona, anamkabidhi mali yake. Desdemona anapiga magoti mbele ya Iago akiomba msaada wa kumrudisha mumewe, na Emilia alilala naye kitanda kimoja bila kumjua. Kila mtu anamwita mwaminifu. Hoja hii naikubali kwa sehemu kubwa: kudanganywa si dhambi, na mfitini stadi anaweza kumpata yeyote kati yetu. Lakini uongo wa Iago ulimpa Othello habari tu. Uamuzi wa kutoihakikisha habari hiyo ulikuwa wake. Tena tusiseme hakuhakikisha kabisa. Kabla ya usiku ule alimhoji Emilia, shahidi aliyekuwa na Desdemona mchana kutwa. Umeona chochote? Sikuona, sikusikia, wala sikushuku, anajibu Emilia, na yuko tayari kuweka roho yake rehani kwa usafi wa bibi yake. Othello anamwona ni kuwadi mjanja, anaendelea na safari yake. Shahidi alikuwepo, aliulizwa, alijibu, na jibu lake likatupwa kwa sababu aliyelitoa ni mwanamke na mtumishi. Upande wa pili kulikuwa na neno la mwanamume askari mwenzake, lisilo na chochote cha kulithibitisha ila kitambaa.

Kitambaa hicho kilimchekesha sana mhakiki Mwingereza Thomas Rymer, aliyeandika mwaka 1693 kwamba fundisho la tamthilia hii ni kuwaonya wake wema watunze vitambaa vyao. Msomaji wa Mombasa au Lamu hawezi kucheka pamoja naye. Sisi tunajua nguo inavyoweza kubeba neno. Mwanamke hupewa leso, yaani kanga, na mumewe, akasoma jina lake, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, kwanza kabla ya kuikunjua, na ikionekana kwa mwanamke mwingine, nyumba haikaliki. Othello hakuwa mjinga kuona uzito katika kipande cha nguo. Kosa lake ni kukifanya kitambaa kiseme peke yake huku waliokigusa wote wako hai na wanaweza kuulizwa. Na angalia jinsi yeye mwenyewe asivyokuwa shahidi thabiti wa leso hiyo. Kwanza anamwambia Desdemona kwamba mama yake alipewa na mwanamke mganga wa Misri. Katika onyesho la mwisho anasema baba yake ndiye aliyempa mama yake. Hakimu wa haki angesimama hapo akauliza.

Hoja ya pili inanisumbua zaidi, na sitaki kuipita haraka. Inasema: ukimlaumu Othello kwa ukali, unajikuta umesimama upande wa Brabantio na Iago, waliosema tangu mwanzo kwamba Mwafrika huyu ni mnyama aliyevalishwa joho. Ni kweli kwamba ubaguzi ndio udongo ambamo fitina ya Iago iliota. Anapomwambia Othello kwamba Desdemona alimhadaa baba yake ili aolewe naye, na kwamba kumkataa kijana wa nchi yake na rangi yake ni dalili ya kasoro fulani, anamgusa mtu ambaye hana ndugu hata mmoja mjini, asiyejua mila za nyumba za wakubwa wa Venice, anayejua kwamba anapendwa pale vita vinapokuwapo. Waigizaji weusi wamebeba mzigo huu kwa vizazi. Ira Aldridge aliigiza nafasi hii Covent Garden mwaka 1833 huku magazeti ya London yakimtukana. Paul Robeson aliicheza Broadway kuanzia 1943 kwa maonyesho 296, katika nchi ambayo hakuruhusiwa kula kila hoteli. Hugh Quarshie aliwahi kuuliza hadharani kama mwigizaji mweusi anafaa kuicheza kabisa, kisha akakubali kuicheza Stratford mwaka 2015, akiwa na Lucian Msamati, Mwingereza mwenye asili ya Tanzania, kama Iago mweusi wa kwanza katika Royal Shakespeare Company. Uamuzi ule wa 2015 ulinifundisha kitu. Iago anapokuwa mweusi pia, rangi haiondoki jukwaani, lakini huwezi tena kuifanya ieleze kila kitu. Unaanza kuona wanaume wawili wanaoaminiana kwa sababu wamekula vumbi la kambi moja, na wanawake wawili ambao neno lao halijawahi kuhesabiwa kambini. Upweke wa Othello unaeleza kwa nini alikuwa mwepesi kuamini kwamba hapendwi. Hauelezi kwa nini hakumwita Cassio.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa kuliko zote, nayo imetoka kinywani mwa Othello mwenyewe. Semeni, anawaomba wajumbe wa Venice, kwamba nilikuwa mtu aliyependa bila busara lakini alipenda kupita kiasi. Mtu asiyeshikwa na wivu upesi, ila alipochochewa alichanganyikiwa kabisa. Maneno haya ni mazuri mno, na uzuri wake umewapumbaza watu wengi. Mhakiki A. C. Bradley mwaka 1904 aliyapokea kama picha ya kweli ya shujaa mtukufu. Mshairi T. S. Eliot mwaka 1927 aliyasikia vingine, kwamba huyu ni mtu anayejiliwaza ili asitazame alichokifanya. Mimi niko na Eliot, kwa sababu ya mambo yaliyoandikwa mle mle. Mtu huyu hakupotewa na akili ghafla. Aliagiza sumu, Iago akamshauri amnyonge katika kitanda kile kile alichodai kimenajisiwa, naye akasema vizuri, haki ya jambo hilo inampendeza. Alimpiga mkewe kofi hadharani mbele ya mjumbe wa dola. Anaingia chumbani na mshumaa akiliita tendo lake haki, akisema lazima afe asije akawasaliti wanaume wengine. Baada ya kuua anajiita muuaji wa heshima, aliyetenda yote si kwa chuki bali kwa heshima. Ni katika hotuba ya mwisho ndipo upendo unaitwa kuja kutoa ushahidi, na hapo Desdemona amekuwa lulu iliyotupwa, yaani mali. Kuna jambo jingine dogo ambalo nimelitafuta tena na tena katika kurasa zile, nikidhani limenipita. Othello anapojua ukweli, anaomba msamaha kwa Cassio. Kwa Desdemona analia, anajilaani, anaomba mashetani wamchape viboko. Msamaha hamwombi.

Wivu kama utetezi una historia yake mahakamani. Mwaka 1707 Jaji Mkuu wa Uingereza, Holt, aliandika kwamba wivu ni ghadhabu ya mwanamume na uzinzi ni uvamizi mkubwa kuliko wote wa mali, na kwa msingi huo mume aliyemfumania mtu na mkewe akamuua hakuhesabiwa muuaji kamili. Angalia neno mali lilivyojitokeza hapo, karne moja baada ya lulu ya Othello. Uingereza ilingoja hadi sheria ya mwaka 2009 kusema kwamba madai ya kukosa uaminifu ndani ya mapenzi peke yake yasihesabiwe kuwa sababu ya kupunguza shitaka la mauaji, na mwaka 2012 Mahakama ya Rufani ikalegeza kidogo, ikisema yanaweza kutazamwa kama sehemu ya mazingira pale penye sababu nyingine. Kwetu maneno "wivu wa mapenzi" yamekuwa msamiati wa kawaida wa taarifa za habari. Mwanamke ameuawa, na kabla ya mtu yeyote kuhojiwa chanzo kimeshatajwa. Maneno hayo yanamweka muuaji ndani ya hadithi ya mapenzi, na marehemu anakuwa mtu aliyependwa sana. Maelfu ya wanawake walioandamana Nairobi na miji mingine ya Kenya tarehe 27 Januari 2024 walikuwa wakidai, pamoja na mengine, kwamba mauaji yaitwe mauaji.

Kwa hiyo macho yangu, kila ninapoisoma, humwacha Othello na kumfuata Emilia. Si malaika. Alimwokotea mumewe leso, na Desdemona alipoitafuta akiuliza ameipoteza wapi, Emilia aliyejua akajibu hajui. Hiyo ni khiana, ndogo na ya kila siku, ya mtu anayetaka amani nyumbani kwake. Anapomtukana Othello anautaja weusi wake kama tusi, na msomaji wa Kiafrika hapaswi kulifumbia macho hilo. Lakini mtazame anapoambiwa kwamba mumewe ndiye aliyeleta habari. "Mume wangu?" anauliza. Anajibiwa. "Mume wangu?" anauliza tena, na tena, hadi Othello anachoka na kumwuliza kwa nini anarudia neno moja. Anarudia kwa sababu pale pale, mbele yetu, anahesabu: nani aliiomba leso, mara ngapi, kwa bidii gani iliyozidi thamani ya kitambaa. Iago anamwamuru aende nyumbani. Emilia anajibu kwamba ni wajibu wake kumtii, lakini si sasa, na huenda asirudi nyumbani tena. Panga la Othello halimtishi, kisu cha mumewe kinampata, na kati ya hayo mawili anatoa ule ushahidi uliokosekana usiku kucha. Yeye naye alidanganywa na Iago, na kwa miaka mingi zaidi. Alipopata chembe ya kweli hakuhitaji hata nusu saa.

Kabla yake kuna uongo mmoja wa mwisho, nao ndio unaoniumiza kuliko yote ya Iago. Emilia anamkuta bibi yake akikata roho, anamwuliza nani amefanya hivi. "Hakuna mtu, ni mimi mwenyewe," anasema Desdemona, na anatuma salamu kwa bwana wake mwema. Kila mmoja wetu amewahi kumsikia mwanamke mwenye jicho lililovimba akisema amejigonga mlangoni. Othello anautumia uongo huo mara moja kusema kwamba hata kufa amekufa mwongo.

Waongozaji wa maonyesho wana kazi hapa kuliko wahakiki. Kitabu cha kwanza kuchapishwa, cha mwaka 1622, hakina wimbo wa mti wa huzuni anaouimba Desdemona wala maneno ya Emilia kwamba wanawake nao wana hisia kama waume zao. Yote hayo yako katika toleo la 1623, na kwa muda mrefu majukwaa mengi yaliukata wimbo huo. Ukiikata sehemu ile, unampata Emilia anayefufuka ghafla mwishoni, na tamthilia inarudi kuwa ya wanaume wawili na wivu wao. Hata maneno ya kufunga yanaelekea huko. Mjumbe Lodovico anamkabidhi Cassio Kupro, anampa Gratiano, ami wa Desdemona, nyumba na mali ya Othello, anaagiza Iago ateswe, na anapotazama kitanda anasema kinadhuru macho, kifunikwe. Kisha anapanda meli kwenda kutoa taarifa. Jina la Desdemona halimo katika maagizo yake, la Emilia pia.

Emilia alikuwa ameomba jambo moja alipochomwa: alazwe kando ya bibi yake. Maandishi hayasemi kama alilazwa. Kila kundi linaloicheza tamthilia hii lazima liamue lenyewe, na mimi nikiitazama tena nitangoja kuona mikono ya nani inamwinua kutoka sakafuni, na inampeleka wapi kabla pazia halijavutwa.